Miligramu Ishirini za Mwisho

Kijana akishatimiza miezi kadhaa kliniki ya methadoni, akaanza kunenepa, kulala nyumbani na kuchangia hela ya mboga, swali moja halikosi kumtoka mama yake: "Dokta, na hii dawa ataiacha lini?" Ni swali la haki. Unga kijana kauacha, lakini kila kukicha lazima afike dirishani kunywa kikombe chake, Jumapili na sikukuu, mvua inyeshe isinyeshe, nauli iwepo isiwepo. Daktari mzoefu hamtajii tarehe. Atamwambia, "Mama, tumwache kwanza atulie. Siku akitaka kushuka, tutashuka naye kwa mwendo wake."

Kwa mama, jibu hilo linafanana na kupigwa chenga. Kwangu ni mlango wa kuingilia kwenye ufundi ambao sijaona ukisifiwa popote. Tunawasifu madaktari wanaopasua moyo na kutenganisha pacha walioungana, kwa sababu kazi yao inapigwa picha. Huyu anayemshusha mtu kutoka miligramu 80 za methadoni hadi sifuri hana picha ya kuonyesha. Akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea. Mtu anakwenda kazini, anarudi, anakula, analala, na majirani hawajui kwamba mwili wake umo kwenye safari ya mwaka mmoja au miwili.

Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Februari 2011. Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar ikaanza 2015, na Kenya nayo ikafungua za kwake miaka hiyohiyo, Nairobi na pwani. Dawa yenyewe ni ya zamani zaidi, iligunduliwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Inakaa kwenye viti vilevile vya ubongo ambavyo heroini huvikalia, ila haina haraka. Heroini huisha baada ya saa chache, na mtumiaji anaanza tena kutafuta kete kabla arosto, yaani maumivu ya kuikosa dawa, haijamwangusha. Methadoni ikinywewa mara moja asubuhi inamvusha hadi kesho yake.

Huko kukawia kwake kuondoka ndiko kunakofanya hesabu yake iwe ngumu, na ndiko ninakokupenda. Chukua mtu ambaye mwili wake huondoa nusu ya dawa kila saa 24. Jumatatu anakunywa miligramu 30. Jumanne asubuhi zimebaki 15, anaongeza 30, zinakuwa 45. Jumatano anakuta zimebaki 22 na nusu, anaongeza 30, zinakuwa 52 na nusu. Kikombe ni kilekile, lakini ndani ya mwili dawa inapanda kila siku hadi inapokaribia 60, na hapo inatulia. Ndiyo maana siku za mwanzo wa matibabu ni za hatari: dozi iliyomfaa mtu Jumatatu inaweza kumzidi Ijumaa bila mtu yeyote kuiongeza.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Mtu aliyezoea 60 kwa muda mrefu ana kama 120 mwilini mara tu anapomaliza kunywa. Mpunguzie 5 siku ya Jumatatu. Siku hiyo ana 115, Jumanne 112 na nusu, Jumatano 111 na robo, na anaendelea kuteleza kidogo kidogo hadi 110. Jumanne hiyo atafika dirishani akitabasamu: "Sista, mbona sijasikia kitu? Nipunguzie tena." Sista atatabasamu naye, atampa 55 zilezile, na atamwambia aje wamuulize Ijumaa. Yeye anajua kwamba punguzo la Jumatatu bado liko njiani. Kumwongezea la pili juu yake ni kumrundikia mtu deni ambalo la kwanza hajaanza kulilipa, na mwisho wa wiki yote mawili yatamdai kwa pamoja.

Halafu hizo saa 24 zenyewe ni za mfano tu. Kuna watu ambao miili yao huondoa nusu ya methadoni kwa saa 8, na wengine kwa saa 59. Wawili waliosimama foleni moja, wenye uzito mmoja na dozi moja, mmoja atakuwa anatokwa jasho la arosto saa mbili usiku na mwenzake hata keshokutwa bado yuko sawa. Hakuna jedwali linaloweza kumwambia mfamasia nani ni yupi. Lazima amjue mtu.

Kupunguza kwa kiasi kilekile kila mara kunaonekana ni haki na ni rahisi kuandika kwenye faili: miligramu 10 kila mwezi, mwezi wa nane umemaliza. Ukitazama kwa makini utaona mpango huo ni ngazi ambayo kila ukishuka vipandio vinazidi kuwa virefu. Kutoka 80 kwenda 70 umeondoa sehemu moja kati ya nane. Kutoka 20 kwenda 10 umeondoa nusu nzima. Mwili hauhesabu miligramu, unahesabu sehemu ya kile ulichokizoea. Watu wengi wameshuka vizuri hadi 30 au 20 kwa mpango wa namna hiyo, wakajipongeza, kisha wakaporomoka mwezi uliofuata wakidhani wamekosa nia. Nia walikuwa nayo. Hesabu ndiyo iliyowaangusha.

Kwa hiyo fundi anapunguza kwa asilimia. Miongozo mingi inaweka kikomo kwenye 10 kwa wiki moja au mbili, na wenye busara wengi hushuka kwa 5 kisha husubiri. Piga hesabu uone: kutoka 80, asilimia 5 kila wiki mbili, hadi ufike 20 utahitaji zaidi ya mwaka mmoja. Na ukitoka hapo kwa miligramu 1 kila wiki mbili, bado una miezi tisa mbele yako. Robo ya mwisho ya dozi inakula karibu nusu ya safari. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini daktari yule hakumtajia mama tarehe.

Miligramu hizo 20 za mwisho zina maisha yao. Ikiwa mililita moja ya dawa ina miligramu 5, basi miligramu 1 ni sehemu mbili za kumi za mililita, yaani matone kama manne. Tone moja ni robo ya miligramu. Kwa mtu wa 80, tone lililobaki kwenye ukuta wa kikombe si kitu. Kwa mtu aliyefika 3, tone hilohilo ni asilimia 8 ya dozi yake, robo nzima ya punguzo alilopangiwa. Ndiyo maana mtoa dawa makini humimina maji kidogo kwenye kikombe kilekile, akakizungusha, akamwambia anywe na hayo. Kisha anamsemesha maneno mawili matatu, ya nyumbani, ya mpira wa jana, ili asikie sauti inatoka kwenye mdomo usioficha kitu. Mgeni ataona porojo za dirishani. Ni kipimo, na kinafanyika bila mtu kuvunjiwa heshima.

Porojo hizo zina kazi nyingine pia. Kuna fomu maalumu ya kupima arosto, iliyochapishwa 2003, yenye dalili 11: mapigo ya moyo, jasho, kutotulia, ukubwa wa mboni, maumivu ya mifupa na viungo, makamasi na machozi, tumbo kuvurugika, kutetemeka, miayo, wasiwasi au hasira, na vinyweleo kusimama. Kila dalili ina alama zake, na ukijumlisha unapata picha. Nesi aliyekaa dirishani miaka huijaza fomu hiyo kichwani kabla mgonjwa hajamaliza salamu. Miayo mitatu ndani ya dakika moja saa mbili asubuhi haina maelezo mengi kwa mtu aliyesema amelala vizuri. Mboni zilizopanuka kwenye mwanga mkali zinasema mengi kuliko yeye. Na anajua kuuliza. Hamwulizi "Unasikiaje?", maana jibu lake ni "Poa tu" kila siku. Anamwuliza, "Kaka, jana uliamka saa ngapi?" Anayeanza kuamka saa tisa usiku bila sababu amejibu hata asichoulizwa.

Hapa kwetu kuna mtego ambao vitabu vya ng'ambo havikuuwekea uzito. Maumivu ya viungo, jasho la usiku, kichwa kizito, kukosa hamu ya kula: hizo ni dalili za arosto, na ni dalili za malaria. Mtu aliyepunguziwa wiki iliyopita akija hivyo, uvivu ni kuirudisha dozi juu na kumwambia ajipumzishe. Ufundi ni kumchoma kidole kwanza na kusubiri kipimo. Malaria ikitibiwa, punguzo linabaki mahali pake na mtu hapotezi mwezi mzima wa kazi.

Meno nayo. Dawa jamii ya afyuni hufunika maumivu, na mtu aliyekaa kwenye unga miaka kumi mara nyingi ana mdomo uliooza nusu bila kujua ni kiasi gani. Dozi ikishuka, jino linaamka. Nimesikia ushauri wa kumpeleka mtu kwa daktari wa meno kabla ya kuanza kumpunguzia, na katika yote niliyojifunza kuhusu kazi hii, huo ndio ulionifurahisha zaidi kwa wepesi wake. Jino likimwamsha mtu usiku wa manane akiwa kwenye 15, hatajua kwamba ni jino. Atadhani ni ubongo wake unadai unga.

Sehemu ninayoistahi kuliko zote inahusu wagonjwa wenye kifua kikuu. Rifampisini, mhimili wa dawa za TB, huliamsha ini lisage methadoni haraka kuliko kawaida. Mtu aliyekuwa ametulia kwenye 70 anaanza dawa za TB na katika wiki moja au mbili anarudi kwenye arosto ilhali kikombe hakijaguswa. Fundi anaongeza dozi, wakati mwingine kwa kiasi cha kumtisha asiyejua. Kazi kubwa inakuja miezi sita baadaye. TB imepona, rifampisini imekoma, na ini linaanza kurudi kwenye usingizi wake taratibu, kwa muda wa wiki mbili hivi. Dozi iliyokuwa ikimfaa sasa inaelekea kumzidi siku baada ya siku, kwa mtu ambaye hajaomba kupunguziwa na anaiogopa habari hiyo. Lazima ashushwe kwa mwendo uleule ambao ini lake linatulia. Ukitangulia, arosto. Ukichelewa, anasinzia kwenye kiti, pumzi zinapungua, na anaweza asiamke. Efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika hapa kwa miaka mingi, ilikuwa na tabia hiyohiyo. Dolutegravi iliyochukua nafasi yake haina. Kwa hiyo mgonjwa aliyehamishwa kutoka moja kwenda nyingine alihitaji jicho lilelile. Badiliko linafanyika chumba kimoja, kwenye cheti cha dawa nyingine kabisa, na matokeo yake yanadondokea kwenye kikombe cha chumba cha pili.

Upole huu wote ulipatikana kwa gharama. Miaka ya 1940 ikielekea mwisho, katika hospitali ya serikali ya Marekani huko Lexington, Kentucky, methadoni ilitumika kama daraja fupi: mtu anapewa, anashushwa kwa siku chache, anatoka akiwa safi. Wengi wao walirudi kwenye heroini. Ilikuwa 1965 ambapo Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha wazo jingine, kwamba mtu aachwe kwenye dozi inayomtosha kwa muda mrefu ajenge maisha kwanza. Kushuka kukageuka kuwa jambo la baadaye, la hiari, na watu wakaanza kuuliza namna ya kushuka. Huko Chicago, 1977, Edward Senay na wenzake waliwalinganisha waliopunguziwa asilimia 10 ya dozi ya mwanzo kila wiki na waliopunguziwa 3. Wa 3 walivumilia vizuri zaidi.

Matokeo yaliyonikalisha kitako yalitoka British Columbia, Kanada, 2012. Watafiti walipitia kumbukumbu za mapunguzo 4,917 yaliyofanyika kati ya 1996 na 2006. Yaliyofanikiwa, kwa maana ya mtu kufika chini na kukaa mwaka mmoja na nusu bila kurudi kwenye matibabu, bila kulazwa kwa sababu ya afyuni na bila kufa, yalikuwa asilimia 13. Waliochukua zaidi ya mwaka kushuka walifanikiwa kuliko waliokimbia kwa chini ya wiki 12. Na waliofanya vizuri zaidi hawakuwa wakishuka kila wiki. Walishuka katika robo hadi nusu ya wiki za safari yao, na zilizobaki walisimama palepale. Kusimama ni nusu ya kazi. Nesi yule aliyekataa kupunguza Jumanne alikuwa akifanya, kwa uzoefu wake, kile ambacho takwimu za nchi nyingine zilikuja kukithibitisha.

Asilimia 13 ni namba ya kumfikisha mtu kwenye swali gumu: kwa nini kushuka kabisa? Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2017 ulikusanya tafiti za nchi kadhaa na kukuta vifo kama 11 kwa watu 1,000 kwa mwaka kati ya walio kwenye methadoni, na 36 kati ya waliotoka. Wiki nne za mwanzo baada ya kutoka ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu uvumilivu wa mwili umeshuka, na kete iliyokuwa ya kawaida zamani sasa inaua. Kwa hiyo fundi mzuri anajua pia kukataa kuanza. Mjamzito hapunguziwi, huenda hata akahitaji kuongezewa miezi ya mwisho. Aliyefiwa jana, aliyefukuzwa kwenye chumba cha kupanga, anayesafiri wiki ijayo, wote husubiri. Mfungaji anayehamisha saa ya kunywa dawa yake mwezi wa Ramadhani anabadilisha jambo moja tayari. Ukimbadilishia na dozi, akisikia vibaya hutajua ni lipi limemwumiza.

Kinyume cha ufundi huu nacho kipo, na hakihitaji maelezo marefu. Kuna kupunguza kwa hasira, mtu akigombana na mhudumu au mkojo wake ukikutwa na bangi. Kuna kupunguziwa na rumande, ambako dozi ya leo ni 90 na ya kesho ni sifuri. Kuna ndugu wanaomlazimisha mtu aape mbele ya ukoo kwamba kufikia Idi atakuwa ameacha. Kote huko tarehe imewekwa na mtu ambaye si yeye atakayetapika.

Baadhi ya wagonjwa huomba wasiambiwe dozi yao. "Dokta, nipunguzie, lakini usinitajie." Namba ina nguvu zake: mtu aliyejua amefika 9 anaanza kujichunguza, na anayejichunguza hakosi kuona. Mfamasia hujaza kikombe hadi alama ileile kwa maji au juisi, siku zote, ili ladha na ujazo visimsaliti. Jambo hili linafanyika kwa makubaliano, na mgonjwa ana haki ya kuuliza namba yake siku yoyote. Wengine ni kinyume chake kabisa, wanaandika kila miligramu kwenye daftari kama mwenye duka, na kuwaficha hao ni kuwaongezea wasiwasi. Nalipenda jambo hili kwa sababu halina kanuni. Unamsikiliza mtu na unaamua.

Kuna wanaofika sifuri. Usingizi huwachukua wiki au miezi kurudi sawasawa, na kliniki iliyo makini haifungi faili siku ya kikombe cha mwisho. Inawaita waje wazungumze, na ndugu wanafundishwa kuhusu naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa, pale inapopatikana. Kuna wanaorudi dirishani baada ya kuteleza, na hao huanza upya kwa miligramu 20 au 30 kama wageni, hata kama zamani walikuwa wa 90, kwa sababu mwili waliokuja nao si ule walioondoka nao. Na kuna wanaofika 12, wakajaribu 11, wakashindwa kulala, wakajaribu tena baada ya miezi mitatu, wakashindwa tena. Daktari anaandika "abaki 12", anapanga tarehe ya kuonana naye, na kijana anakwenda kuwasha bodaboda yake.